Picha ya Saa Nne Kamili

Siku ya kumi na tano mvua ilianza kabla hakujapambazuka, ikanyesha bila huruma hadi mtaro wa mbele ya nyumba ukafurika. Chumba cha picha kilikuwa na giza, na Fundi alilazimika kuwasha taa asubuhi kweupe ili aone anachokikata. Saa nne kamili simu ikalia mlio wake mmoja. Picha ikaingia.

Dereva amekaa kitandani. Shati la mistari. Jua limemjaa shavu la kulia.

Fundi akatabasamu. Kwa siku kumi na tano alikuwa amekwisha kuuzoea mlio ule, mdomo ukawa unafunguka wenyewe. Kisha akainua macho, akatazama dirishani, akaitazama tena simu, na tabasamu likamkauka.

Hospitali alikolazwa Dereva haikuwa ng'ambo. Ukitoka getini ukapinda mara mbili unaliona paa lake. Mvua iliyokuwa ikipiga bati lao ndiyo hiyo hiyo iliyokuwa ikipiga bati la wodi.

"Mama! Mvua imeanza saa ngapi?"

"Saa kumi na moja," Mama alijibu kutoka jikoni. "Nimetega ndoo nne, zote zimejaa. Kwani unataka kufua?"

"Haijakatika hata kidogo?"

"Mvua ikatike mimi nisijue? Miaka ishirini na mbili nimeanika mashuka ya hoteli ya watu. Kuna kitu nakijua duniani kama mvua?"

Fundi akakaa kwenye kigoda cha wateja, simu mkononi, akilitazama lile jua.

Kazi yake ilikuwa picha za pasipoti na leseni. Kabla ya ugonjwa, chumba kile cha mbele hakikukauka watu: keti, kidevu juu, usicheke, tayari. Tangu watu walipofungiwa ndani, kigoda kilibaki kitupu na kazi ikabaki moja. Mtu asiyemjua humtumia kwa simu picha ya baba yake akiwa sherehani. Fundi humtoa mzee kwenye mkono wa aliyemkumbatia, humwekea nyuma rangi ya bluu, humkuza, humchapa, halafu huining'iniza bahasha getini, wenyewe waje waichukue bila kugusana na mtu. Mwezi ule alikuwa amekuza watu kumi na mmoja. Ndiyo maana alijiwekea sharti ambalo hata Mama hakuambiwa: picha za Dereva angezichapa, lakini kwa ukubwa wa pasipoti tu. Kubwa zilikuwa za marehemu.

Basi za Dereva zilikuwa zimebanwa pale juu ya mashine ya kuchapia, kwenye kamba, kwa vibanio vya nguo vya Mama. Kumi na nne. Nyuma ya kila moja ameandika kwa penseli siku na saa iliyoingia, kama afanyavyo kwa picha za wateja.

Wazo la picha lilikuwa la Dereva mwenyewe. Siku aliyolazwa alimpigia simu, akikohoa katikati ya maneno kama gari linalokataa kuwaka.

"Fundi, nikikuambia niko mzima utaamini?"

"Siamini."

"Nikikuambia nakufa?"

"Nitakuja nikuue mwenyewe."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. "Basi maneno tuyaache. Yananimaliza pumzi. Kila siku saa nne nitakutumia picha moja, na wewe nitumie moja. Mimi nikisema nitakudanganya. Picha haijui kudanganya."

"Kaa ubavu kwa dirisha," Fundi alimwambia, maana hakujua aseme nini kingine. "Dirisha likiwa nyuma yako utatoka mweusi kama chungu."

"Haya, Fundi."

"Na saa nne iwe saa nne. Nakujua wewe."

Alimjua kweli. Mwanaume yule aliendesha gari la wagonjwa, na kwa mgonjwa hakuchelewa hata mara moja. Kwa mtu mzima, sahau. Hata siku ya kwanza waliyokutana alifika Fundi ameshafunga, akagonga kioo, akaomba picha ya leseni, halafu akashindwa kuzuia kicheko. Picha tisa zikaharibika. "Leseni haitaki meno," Fundi alimwambia. "Basi usinitazame," akajibiwa. Ya kumi ndiyo iliyotoka, na ilitoka kwa sababu Fundi alibonyeza huku ametazama ukuta.

Yeye naye alituma zake. Kigoda kitupu. Barabara tupu, mbwa amelala katikati kama ameinunua. Mama akijipulizia dawa ya pumu. Kiganja chake mwenyewe kwenye kioo. Hofu yake hakuweza kuiandika, akawa anaipiga picha. Siku ya tano alipiga kufuli la geti. Siku ya nane alipiga kigoda, kisha akagundua kuwa jana yake na juzi yake amekipiga kigoda hicho hicho, pembe ile ile, bila kukumbuka. Siku hiyo aliogopa kichwa chake kuliko ugonjwa.

Kwa upande wa Dereva picha zilikuwa na habari. Siku ya nne alipigwa pamoja na Nesi, ambaye alikuwa amefunikwa gubigubi kwa vazi la plastiki, kavaa miwani mikubwa na barakoa, na kifuani amebandika picha ya uso wake ili wagonjwa wajue kuna mtu ndani. Ile ya kifuani ilikuwa picha mbaya, imepigwa gizani kwa simu. Fundi hakuvumilia. Aliomba nyuso za wahudumu wa wodi nzima, akawachapia nzuri, akaining'iniza bahasha getini.

Kwenda kumwona haikuwezekana. Wodi haikuruhusu mtu, na kifua cha Mama hakikuruhusu kitu.

Halafu kulikuwa na lile jambo la kiti.

Wiki moja kabla hajaugua, Dereva alikuja na dada yake mkubwa kujitambulisha kama mchumba wa Fundi. Mama aliwaweka kibarazani, kiti huku na kiti kule. Aliuliza maswali yake, majibu akayapokea kama mtu anayepokea mzigo wa nguo chafu. Walipoaga na kushuka ngazi, hata geti hawajalifikia, Mama akatoka na ndoo ya klorini na dekio, akaanza kukisugua kiti alichokalia Dereva. Dereva aligeuka kupunga mkono. Akaona.

"Mama," alisema kwa upole, "umesahau na kikombe."

Hakuja tena. Siku ya nane baada ya hapo kikohozi kikamwangusha.

Sasa Fundi alisimama, akaiteremsha kamba nzima, akazipanga picha mezani chini ya taa. Ya leo akaichapa, akaiweka mwisho. Kwanza akazigeuza, akasoma saa. Tisa za mwanzo: nne na robo. Tano kasoro tano. Tano na nusu. Nne na dakika arobaini. Dereva yule yule. Kuanzia ya kumi: nne kamili. Nne kamili. Nne kamili. Sita zote nne kamili, na yeye mjinga alikuwa amefurahi kwamba wodi imemfunza adabu.

Akazigeuza tena, akazitazama sura zile sita. Mashati yalibadilika: jeupe, la kijani, fulana, jeupe tena vifungo vimefunguliwa, la kijivu, la mistari. Nyuma yake, ukutani, kivuli cha nondo za dirisha. Katika picha ya kumi kivuli kilikuwa juu, kinagusa msumari. Ya kumi na moja, kimefika usawa wa sikio. Ya kumi na mbili, begani. Kifuani. Kiwikoni. Na ya leo, nondo zote zimelala kwenye shuka.

Kilikuwa kinashuka ngazi kwa ngazi, jinsi kivuli kinavyoshuka jua likipanda. Siku sita za Fundi zilikuwa asubuhi moja ya Dereva.

Na kidevuni, picha zote sita, alama ndogo ya wembe, nyekundu, mbichi, haijapona hata kidogo. Aliiona tangu siku ya tisa. Alikuwa ameipenda.

Mapatano yalikuwa ni kutopigiana. Alipiga. Simu iliita mara moja tu.

"Haloo."

Sauti ya mwanamke, kavu, iliyonyooka kama rula. Ilikuwa ya dada mkubwa wa Dereva, Mwalimu, aliyeongoza shule ya msingi na ambaye kengele yake haikuwahi kukosea dakika.

"Simu yake unayo wewe," Fundi alisema.

Upande wa pili mvua ilisikika ikipiga bati.

"Tangu lini?"

"Ijumaa."

"Mwalimu, anapumua?"

"Anapumuliwa," Mwalimu akajibu. "Usitoke. Nakuja."

Alifika kwa dakika kumi, mwavuli mweusi, barakoa mbili moja juu ya nyingine. Alisimama nje ya geti. Fundi alisimama ndani, hatua tatu nyuma, kichwa wazi, mvua inamwingia shingoni. Mama alitoka kibarazani, akafunga kanga mdomoni, akasikiliza. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemfukuza.

"Sema," Fundi alisema.

"Ijumaa asubuhi daktari alimwambia hewa ya mtungi imemshinda, alasiri atalazwa usingizi na mashine imsukumie pumzi. Akaomba apewe ile asubuhi iwe yake. Akanyoa. Akavaa akavua, akavaa akavua. Kati ya shati na shati analala nusu saa ndipo aweze kuinua mkono tena. Nesi alimshikilia mgongo, mkono wake usionekane pichani. Alipiga yako ya siku ile, akakutumia mwenyewe. Halafu akapiga saba za akiba. Simu ikatolewa nje kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi: Dada, moja kila siku, saa nne. Usimwambie."

"Na wewe ukakubali."

"Ungekataa wewe? Mtu anakwenda kulazwa usingizi asioujua mwisho wake, anakuomba saa nne, umwambie una kikao?"

"Nimezichekea picha zile!" Sauti ya Fundi ilipanda hadi ikakatika. "Siku sita, Mwalimu! Nimemcheka alivyojikata na wembe. Nimemsifia kwamba siku hizi hachelewi. Kumbe naisifia kengele yako ya shule!"

"Nisikilize..."

"Yeye anafungwa mipira ya mashine, mimi namtumia picha ya mbwa!"

"Nisikilize, nimesema!" Mwalimu alipaza sauti ya mbele ya darasa, na hata Mama alijinyoosha. Kisha akaishusha. "Nilimuuliza kwa nini. Kabla hajaitoa simu alinipigia, nikamuuliza. Alisema, Fundi anakuza marehemu kila siku. Akikosa picha yangu asubuhi moja tu, atanizika kabla ya wachimba kaburi."

Neno hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Fundi.

Kutoka kibarazani Mama alikohoa, kile kikohozi chake cha siku zote. Wote wawili waligeuka haraka, maana siku hizo kikohozi hakikuwa na heshima kwa mtu.

"Pumu," Mama alisema. "Zamani walisema mapenzi ni kikohozi. Siku hizi kikohozi ni kikohozi tu. Wewe, mpe mgeni kiti, amelowa."

"Kiti kipi, Mama?" Mwalimu aliuliza. "Kile cha klorini?"

Mama akakitazama kiti.

"Hicho hicho," Mama alisema. "Nilikosea. Nina kifua kibovu na mtoto mmoja, nikashikwa na hofu, na hofu haina adabu. Sikuombi unisamehe leo. Nakuomba ukae."

"Sikai. Aliona, Mama. Njia nzima alinitania, anasema mkwe wake mtarajiwa ni fundi wa kung'arisha viti. Tulipofika nyumbani akanawa mikono. Akanawa, akanawa, hadi ngozi ikachubuka. Mimi nilisimama mlangoni nikamtazama mdogo wangu anavyojisugua kama doa." Alikaza barakoa. "Kwa hiyo sikai."

Mama aliushika mgongo wa kiti kilichokuwa karibu naye, akabaki ameushika.

"Ataamka?" Fundi aliuliza.

"Wanapunguza dawa ili aamke apumue mwenyewe. Walijaribu Jumanne, wakajaribu jana. Anafumbua macho, anawaona wale watu weupe wasio na nyuso wamemwinamia, anadhani sijui nini. Anapigana. Anavuta mipira. Wanamfunga mikono kitandani, wanamrudisha usingizini. Kila akirudishwa mapafu yanazidi kuchoka. Kesho saa tatu wanajaribu mara ya tatu."

"Ikishindikana?"

"Nilimuuliza daktari. Alitazama viatu vyake."

Fundi alifuta maji usoni kwa mkono wote. Kichwa chake kilichokuwa kikizunguka kwa siku kumi na tano kilisimama ghafla mahali pamoja. Watu weupe wasio na nyuso.

"Nesi bado anabandika picha kifuani?"

"Anabandika. Zile ulizowachapia. Kwa wengine zinasaidia. Kwa huyu... hamjui Nesi. Amemjua siku tisa tu kabla ya usingizi."

"Kesho abandike yangu."

Mwalimu alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu afike, mwavuli uliyumba.

"Saa nane nitapita hapa nikipeleka nguo kwenye dirisha la mapokezi," alisema polepole. "Nesi ndiye anayezipokea. Saa nane, si saa nane na nusu."

"Na simu yake mrudishie Nesi."

"Imebaki picha moja. Ya kesho. Niliahidi."

"Usiitume. Hata kuiona sitaki." Fundi alisogea hatua moja, akakumbuka, akarudi. "Sitaki ya saba, Mwalimu. Nataka ya nane."

Mwalimu alibaki pale kidogo, midomo inacheza chini ya barakoa kama mtu anayehesabu. Kisha akaitikia kwa kichwa.

"Saa nane," alisema, akaondoka.

Ndani, Fundi alikausha nywele kwa taulo, akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akaitega ijipige yenyewe, akakaa kwenye kigoda. Keti, kidevu juu. Kamera ikabofya. Akaitazama. Akarudia. Akarudia tena. Mama aliyekuwa amesimama mlangoni alinyoosha shingo.

"Hiyo ni leseni," alisema.

"Ndiyo uso nilio nao."

"Mtu anaamka kutoka kaburini, anakutana na huyo? Atarudi mwenyewe. Nipishe." Akaisogelea kamera kama anavyoisogelea mashine ya kufulia asiyoiamini. "Unabonyeza wapi?"

"Hapo juu. Taratibu. Mama, hujawahi kushika..."

"Nimeshika pasi za mvuke za kilo saba, kamera itanishinda? Kaa vizuri. Nitazame." Aliweka jicho, akalitoa. Kwa dakika nzima hakubonyeza. "Kile kiti," alisema.

"Achana nacho sasa."

"Hakikuwa ugonjwa. Nimemwambia yule mwalimu hofu, ni kweli, lakini hofu si ile anayodhani." Mama aliiongelea kamera, hakumtazama binti yake. "Ulikuwa unamimina chai. Kikombe chako kilikuwa na ufa, ukampa yeye kizima. Yeye akakiona, akakubadilishia, akanywea chenye ufa, hakusema kitu. Hata wewe hukuona. Nikasema moyoni, basi, huyu ameshanichukulia mtoto, na mimi nitabaki na kifua changu kwenye nyumba hii. Nikaenda kuchukua ndoo."

"Mama."

"Ndiyo hivyo. Kikombe kile nilikilowesha klorini siku mbili, halafu nikakificha nyuma ya madebe. Nilishindwa kukitupa."

Fundi alimtazama mama yake, mwanamke asiyeomba radhi hata akikukanyaga, mikono yake iliyoungua sabuni imeishika kamera iliyoinama upande. Kitu kikapanda kifuani, nusu kilio nusu kicheko, na kabla hajajua kikae upande gani, kamera ikabofya.

Ilitoka imeinama. Sikio moja limekatika na paji la uso lina ukungu. Lakini macho yalikuwa na maji na mdomo ulikuwa umeanza kucheka, na alikuwa anamtazama mtu.

"Sasa huyo namjua," Mama alisema. "Ikuze."

Fundi alifika kwenye mashine, akaweka kidole, akakiacha hapo. "Nitaichapa ya pasipoti. Nitachapa nyingi."

"Mtu amelewa dawa, macho yana utando, ataona nini kwenye kipande cha pasipoti? Ikuze iwe kifua kizima."

"Kubwa ni za marehemu, Mama." Sasa lilikuwa limetoka. "Sijawahi kukuza ya mtu aliye hai tangu haya yaanze. Nikikuza..."

"Ukikuza nini? Mashine ndiyo inayoua?" Mama alimkazia macho. "Sikiliza. Marehemu hatazami picha, hutazamwa. Hii imeandaliwa mtu wa kuitazama. Kuza."

Akakuza. Mashine ililia muda mrefu, ikatema uso wake polepole, paji, macho, mdomo, mkubwa kuliko uso wenyewe. Mama aliufunika kwa plastiki, akaubana kingo zote kwa gundi ya karatasi, akaupangusa klorini mbele na nyuma, akachukua mwavuli.

"Unakwenda wapi? Kifua chako..."

"Nakwenda hadi getini kumpa Mwalimu mkononi. Akitaka anawe."

Kesho yake hapakuwa na mvua. Jua lilitoka mapema, likatandaza kivuli cha dirisha lao juu kabisa ya ukuta wa chumba cha picha. Saa tatu Fundi alikuwa amekaa mezani, simu mbele yake, kioo juu. Mama alikaa mkabala, akimenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba. Kivuli kilishuka ukutani, kikafika kwenye kamba, ambayo Fundi alikuwa ameirudisha, kikaanza kupita juu ya picha za Dereva moja moja.

Saa nne kasoro dakika moja Mama aliacha kisu.

Saa nne kamili.

Simu haikulia.

"Saa nne hiyo," Mama alisema kwa sauti ndogo.

"Nimeona."

"Haijaingia."

"Afadhali," Fundi alisema. Midomo ilikuwa mikavu. "Ingeingia saa nne kamili ningejua si yeye."

Nne na dakika tano. Nne na robo. Nje, gari la wagonjwa lilipita likilia kuelekea hospitali, linaendeshwa na mtu mwingine, na wote wawili walilisikiliza hadi sauti ilipozama. Nne na nusu. Miezi kumi na nane Fundi alikuwa amegombana na mwanaume yule kwa sababu ya kuchelewa: kwenye mvua, kwenye harusi ya binamu, siku ya kujitambulisha kwa Mama. Sasa alikaa na mikono katikati ya magoti akiomba kwa nguvu zake zote awe amechelewa tu.

Mama aliinuka, akaenda jikoni. Alisikika akisogeza madebe. Alirudi na kikombe chenye ufa, akakikausha kwa upindo wa kanga, akakiweka kwenye sinia pamoja na vingine, kisha akakaa tena mahali pake.

"Saa ngapi?" aliuliza.

Kivuli kilikuwa kimeshuka hadi mezani, kimelala juu ya simu.

"Tano kasoro dakika kumi," Fundi alisema. "Alishachelewa zaidi ya hapo."